Soja wa Bure

Kijana mmoja alilala ndani ya matatu yangu usiku 334, na muda wote huo nilijihesabu kuwa mfadhili wake.

Ilikuwa Aprili 2020. Kafyu ya korona ilikuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na gari la abiria 14 liliamriwa kubeba wanane. Nissan yangu (ni Toyota, lakini huku kwetu kila gari la viti 14 ni Nissan) ilikuwa ikipiga njia ya Kisumu hadi Luanda. Hesabu ya jioni ikaporomoka, na makanga, kijana yule anayelipwa kwa siku, akaporomoka nayo. Mwenye ploti kule Manyatta akatia kufuli lake juu ya kufuli la kijana. Kijana akanipigia simu: "Mzee, naomba nilale garini. Siku mbili tatu tu."

Nilikubali upesi mno. Gari lilikuwa likilala kwenye kituo kimoja cha mafuta Kondele, nikimlipa soja shilingi 100 kwa usiku. Kesho yake nikamwambia soja asijisumbue tena. Chumba alichofungiwa kijana kilikuwa cha shilingi 2,500 kwa mwezi. Soja alikuwa akinigharimu 3,000. Mimi ni mwalimu, na hesabu kama hiyo haihitaji kalamu. Sikutaka tu kuipiga.

Wala sikuwa nimekwama. Shule zilifungwa tangu Machi, lakini mshahara wangu uliingia kila mwezi bila kupungua shilingi. Tena somo langu ni historia na serikali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya makao ya kutosha, nimekiandika ubaoni hata mkono unakijua.

Nilijipoza kwa video. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa Marekani waliotandika vitanda ndani ya magari, mlango wa nyuma wazi, bahari mbele yao. Nikamwambia kijana, "Wazungu wanayatafuta maisha kama haya." Akacheka kwa adabu. Baadaye nilitazama filamu ya Nomadland, inayoonyesha Wamarekani wa umri mkubwa walioingia magarini baada ya kazi na nyumba kuwaponyoka. Hao hawakuwa watalii.

Kitanda cha makanga wangu kilikuwa ubao juu ya viti vya nyuma, vishikizo vya mikanda vikimchoma ubavuni. Akifungua dirisha, mbu, akilifunga, jasho. Mwaka ule ziwa lilipanda kupita kiwango chochote kilichowahi kupimwa, na mbu wake hawakutuonea huruma. Sare yake ya rangi ya damu ya mzee aliitundika dirishani iwe pazia, asubuhi akaivaa. Kuoga alioga Lwang'ni, pale magari yanapooshwa, yeye na Nissan kwa maji yale yale.

Siku mbili tatu zikawa miezi. Kuna mama mmoja aliyelalamika kwamba gari linanuka usingizi. Nikamkata kijana shilingi 200. Kisha nikainama chini ya kiti cha mwisho nikakuta gunia dogo: blanketi, mswaki, suruali moja, sufuria. Nikamwamuru aliondoe. Hakuniuliza alipeleke wapi, nami sikumuuliza amelipeleka wapi.

Mwanzoni mwa Machi 2021 dereva alimkuta asubuhi anatetemeka, meno yakigongana, hawezi kufungua mlango. Malaria. Alilazwa, na dada yake akaja kutoka Bondo kumchukua. Alinikuta nje ya wodi, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, asante sana kwa kumpa ndugu yangu mahali pa kulala."

Nikasema, "Usijali."

Gari sasa linalindwa na soja, tena kapandisha bei. Kijana hakurudi kazini. Usiku 334 kwa shilingi 100 ni shilingi 33,400, na hapo sijaongeza zile 200. Nambari yake ya simu ninayo. Sijamtumia hata senti.