Bangili Mkononi, Deni Mfukoni: Hanimuni ya Maharusi wa Msasani Ile ya Tukuyu

Mwambie mtu wa Dar kwamba kuna maharusi wametoka Msasani kwenda hanimuni Zanzibar, uone picha inayomjia. Masaki, Oysterbay, miwani ya jua, feri ya asubuhi ambayo hata bajaji inakufikisha. Sasa futa hiyo picha. Msasani hii iko Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Huku mvua inanyesha mpaka nguo zinaanikwa jikoni, migomba imefika mlangoni, na kutoka hapo mpaka baharini ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Mtu wa huku hajikuti tu yuko ufukweni. Lazima apange.

Na hawa wawili walipanga. Au tuseme ukweli: mmoja alipanga, mwenzake akaambiwa siku ya kufunga begi.

Bwana harusi ni kijana wa parachichi. Anazunguka vijijini ananunua Hass kwa wakulima, anakusanya, anapeleka kwa wanaosafirisha nje. Bibi harusi yuko duka la dawa mjini. Harusi yao ilikuwa ya kawaida kabisa ya Kibongo: kamati, vikao, michango, kadi za single na double, MC mwenye kelele, ukumbi umejaa. Baada ya hesabu zote, kwenye michango ilibaki laki tisa. Ndugu wakajua hizo ni za kununulia kitanda na jiko la gesi.

Jamaa akasema hapana, mke wangu anaenda Zanzibar.

Mama mkwe aliuliza swali ambalo wengi mngeuliza: "Mwanangu, si muende Matema?" Na hakukosea. Matema iko Kyela, pembeni ya Ziwa Nyasa, chini ya kilomita mia moja kutoka Tukuyu. Ina mchanga, ina milima ya Livingstone imesimama nyuma kama ukuta, maji hayana chumvi, na samaki unamchagua mwenyewe akiwa bado anarukaruka. Kwa nauli ya Coaster unafika na unakula. Tatizo la Matema ni moja tu: kila mtu wa Rungwe ameshafika, au ana shangazi huko. Kwa shangazi utafanyaje hanimuni?

Basi kijana akaingia mtandaoni, akapata hoteli Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ya ule mtindo wa kulipa mara moja halafu kila kitu humo humo: chumba, chakula mara tatu, vinywaji, bwawa. Bei ya Mtanzania mkazi ilikuwa 450,000 kwa usiku kwa watu wawili. Siku nne, 1,800,000. Ongeza basi la Mbeya mpaka Dar, feri, teksi na hela ya kutembelea, ikawa 2,400,000. Yeye alikuwa na zile laki tisa. Milioni moja na nusu iliyopungua aliitoa wapi? Tutafika huko, msiwe na haraka.

Kwanza huu mtindo wenyewe, maana wengi wanauona ni kitu cha juzi. Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alianzisha Club Med mwaka 1950, na kambi ya kwanza ilikuwa Alcúdia, kisiwani Mallorca, watu wakilala kwenye mahema. Wazo lilikuwa mtu akiwa likizo asishike pochi. Baadaye wakaleta shanga za plastiki, ukitaka kinywaji baa unatoa shanga badala ya pesa. Hizo shanga ndizo bibi ya vibangili vinavyofungwa mkononi leo pale mapokezi.

Ila watu wa pwani yetu watacheka wakisikia Mzungu ndiye aliyebuni. Neno lenyewe fungate linahesabu siku saba. Zamani maharusi wa Uswahilini walikaa ndani siku hizo zote, hawapiki, hawafui, hawaendi sokoni, na chakula kinatoka kwa wazazi wa bibi harusi kila siku. Hakuna anayewaonyesha bili. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi bili ipo, na inalipwa kabla hujaonja kitu.

Walifika Kiwengwa jioni, miguu imevimba kwa basi na feri. Wakavishwa vibangili vya buluu. Bibi harusi aliingia na sweta, jamani, tabia ya Tukuyu haiachwi Mbeya. Usiku akaisikia bahari inanguruma karibu na dirisha, akalala amefurahi, kesho atapiga picha miguu ikiwa majini.

Asubuhi akafungua pazia. Bahari haipo.

Usicheke. Mtu aliyezoea ziwa hajui maji kuondoka. Pwani ya mashariki ya Unguja yakipwa yanaenda mbali kweli, unabaki mchanga, majani na vidimbwi, na mawimbi unayaona kule kwenye mwamba kama mstari mweupe. Maji yanajaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Kipindi cha bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ndio yanakimbia zaidi. Hakuna tangazo lolote la hoteli linaloonyesha saa hiyo. Picha zote zimepigwa maji yamejaa.

Mhudumu aliyeleta chai ndiye aliyemtoa wasiwasi. Kijana alisoma fomu, akaona Tukuyu, akainama kidogo: "Mugonile." Loh! Mtu wa Kyela, yuko kisiwani mwaka wa tatu. Kuanzia hapo maisha yakawa mepesi. "Shemeji, maji yatarudi mchana, pigeni picha saa nane. Na bia za hapa nyumbani kunyweni, bangili inalipa. Zile chupa za juu kabisa msiguse, zile ni pesa mkononi. Masaji pia, na boti ya Mnemba." Maana "kila kitu humo humo" ina mipaka yake, na mipaka hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo.

Mezani kulikuwa na parachichi. Vipande vinne vyembamba kwenye sahani kubwa, vimepangwa kama feni. Bwana harusi alivitazama kwa jicho la kazi, akabonyeza kimoja kwa uma, akasema hili lilichumwa changa.

Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa tamu, tusidanganyane. Watu hawa hawakuwahi kula chakula wakiwa wawili peke yao tangu wachumbiane. Siku zote kulikuwa na mdogo wake, na jirani, na mtu wa kamati. Sasa wamekaa saa nzima wanaangaliana, hakuna anayewaita. Jamaa aligundua mkewe anaimba akioga. Mke aligundua mume wake anaogopa maji marefu, bwawa alikuwa anaingia upande wa watoto.

Siku ya tatu maji yakiwa yametoka, walitembea kwenda mbali, wakapita papasi waliowapigia kelele kwa Kiitaliano kwanza halafu kwa Kiswahili, wakafika walikokuwa akina mama wamejifunga kanga wanafunga mwani kwenye kamba. Bibi harusi akachukua simu ya mume wake, ndiyo yenye kamera nzuri, ampige picha.

Ujumbe ukashuka juu ya skrini. Ulitoka kwa mhazini wa kikundi: mjumbe unakumbushwa rejesho lako la kwanza, 550,000, tarehe tano.

Akausoma mara mbili. Picha hakupiga.

Milioni moja na nusu, riba asilimia 10, miezi mitatu. 1,650,000. Hiyo ndiyo fungate. Jamaa alijitetea kama wanaume wengi wanavyojitetea: nilitaka ufurahi, ningekuambia tukirudi, parachichi zikichanganya nitamaliza. Mke hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. Alimuuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo tangu juzi mimi nakunywa juisi ya mkopo?"

Wakarudi hotelini kila mtu na njia yake. Kwenye bafe ya usiku walikaa meza moja wakila kama abiria wa basi.

Hapa ndipo wengi wangemaliza kwa kumpiga mawe mwanaume. Subirini. Bibi harusi naye alikuwa na lake. Kwenye simu yake kulikuwa na 1,200,000, nyingine za kitchen party, nyingine alipewa na mama yake mkono kwa mkono usiku wa kuamkia harusi. Na somo alimwambia wazi, mbele ya wanawake wanaopiga vigelegele: mwanamke hamwonyeshi mume kila kitu, weka akiba yako, hujui kesho. Ushauri huu wanaume mnauchukia, lakini muulizeni mama mjane aliyenyang'anywa nyumba na mashemeji kama anauona ni mbaya.

Kwa hiyo usiku ule kwenye kitanda kilichopambwa taulo zenye umbo la bata, mmoja alikuwa ameficha deni na mwingine ameficha akiba. Feni inazunguka. Yule anayekoroma siku zote hakukoroma.

Saa kumi alfajiri mke aliwasha taa. Akamwambia amkae sawa, wahesabu. Wakachukua karatasi ya menyu, wakaandika nyuma yake: kodi ya nyumba, chakula, mshahara wa duka la dawa, faida ya parachichi kwa mwezi mzuri na kwa mwezi mbaya. Mwezi mbaya jamaa hakuwahi kuusema kwa sauti mbele ya mtu. Aliusema. Kitanda kikasogezwa mpaka Januari. Jiko la gesi likabaki, kwa sababu kuni za Tukuyu zimelowa.

Halafu mke akasema: "Nina laki tano na nusu. Tunaanza na rejesho la kwanza."

Mume akalia. Kweli alilia, akashukuru, akaapa hatakopa tena bila kumwambia.

Hizo 650,000 zilizobaki hakuzitaja. Mpaka wanaondoka hakuzitaja. Mhudumu wa Kyela aliwakatia vibangili kwa mkasi pale mapokezi, akawapa salamu za kupeleka nyumbani, na bibi harusi akaomba vyote viwili akavitia kwenye mkoba, ndani kabisa, mfuko ule ule wenye laini yake ya pili ya simu.