Mji wa Utoto Wangu na Viatu vya Mama



Siku moja, baada ya mafundisho ya dini, mtoto mmoja wa shule aliniuliza: "Padri, kwenu Ulaya mama yako alikuwa na watumishi wangapi?" Wenzake wote wakanyamaza kungoja jibu. Nikacheka, nikawaambia: "Mama yangu hakuwa na mtumishi hata mmoja. Yeye mwenyewe alitumikia mashine nne." Niliona wazi ya kuwa hawakunisadiki. Kwa hiyo leo nataka kuwaongoza katika mji nilipozaliwa, mpate kuuona kama nilivyouona nilipokuwa mtoto. Tena lipo jambo moja lililonipata huko ambalo lawafaa hasa wanafunzi.

Mji huo waitwa Preston. Uko kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika mkoa wa Lancashire, kando ya mto Ribble. Maana ya jina lake katika lugha ya kale ya Waingereza ni mji wa mapadri, na katika nembo yake yumo Mwanakondoo aliyelala, pamoja na herufi mbili za P, ambazo husomwa kwa Kilatini kuwa Mfalme wa Amani. Siku zile Wakatolika walipoteswa katika Uingereza kwa ajili ya dini yao, watu wengi wa Lancashire walishika imani ya wazee wao kwa siri na kwa ushujaa. Basi katika utoto wangu Wakatolika wa Preston walikuwa wengi. Kanisa moja, la Mtakatifu Walburga, lililofunguliwa mwaka 1854, lina mnara wenye urefu wa meta 94, na katika makanisa yote ya parokia ya Uingereza hakuna mnara unaoupita. Sisi watoto hatukuweza kupotea mjini: tuliinua macho tu, tukaona njia ya nyumbani.

Lakini minara mingine ilikuwa mingi zaidi, nayo haikuwa ya makanisa. Ilikuwa mabomba marefu ya moshi ya viwanda vya pamba. Moshi wao uliyafanya mawe yote ya mji kuwa meusi, na mama zetu walipoanika nguo walitazama kwanza upepo watoka wapi. Nyumba zetu zilikuwa za matofali mekundu, zimeshikamana safu nzima tangu mwanzo wa barabara mpaka mwisho wake, kila moja na vyumba viwili chini na viwili juu. Choo kilikuwa nje uani. Jumamosi usiku mama alichota maji ya moto, akaweka karai kubwa la bati mbele ya jiko la makaa, nasi tukaoga mmoja mmoja katika maji yale yale, ili Dominika tuende Misani tukiwa safi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Maji yaliponifikia yalikwisha kupoa, tena rangi yake siisemi.

Alfajiri tuliamshwa na mzee mmoja aliyepita na ufito mrefu, akigonga madirisha ya orofani ya wafanyakazi waliomlipa kwa kazi hiyo. Halafu ukaanza mshindo ambao sijausikia tena popote duniani: viatu vya mbao vya mamia ya watu wakienda kazini. Viatu hivyo vilikuwa vya ngozi juu, lakini nyayo zake ni za mti, zimepigiliwa vyuma chini kama kwato za farasi. Sisi watoto tulipenda kuvipiga juu ya mawe usiku ili vitoe cheche.

Mama yangu alikuwa mfumaji. Pamba ililetwa kwa meli kutoka Amerika na Misri, ikasokotwa nyuzi na kufumwa katika viwanda vya Lancashire, kisha vitambaa vikauzwa duniani pote, hata Afrika. Labda bibi zenu walivaa nguo iliyopita mikononi mwa wanawake wa mji wangu. Ndani ya chumba cha kufumia zilikuwamo mamia ya mashine, nazo zilipiga kelele kupita mvua ya mawe juu ya bati. Hakuna sauti ya mtu iliyoweza kusikika. Basi wafumaji walijifunza kusema kwa midomo tu, bila sauti, wakiumba kila neno polepole, na wenzao wakasoma midomo yao. Desturi hiyo waliichukua hata nje ya kiwanda. Mama aliweza kuzungumza na jirani aliye ng'ambo ya barabara, habari ndefu za ndoa na magonjwa, pasipo kutoa sauti hata kidogo. Sisi watoto wake tulijua kumsoma kabla hatujajua kusoma kitabu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1942, wakati wa vita. Chakula kiligawiwa kwa vipimo: nyama, siagi, sukari, kila mtu na fungu lake. Ndizi hazikuletwa kabisa mpaka vita ikaisha. Baba, aliyefanya kazi ya kupakua meli bandarini, aliniletea ndizi ya kwanza nilipokuwa na miaka minne, nami nikaiuma pamoja na ganda lake, nikalia. Mnacheka, ninyi mnaoishi kati ya migomba! Peremende nazo ziliuzwa kwa vipimo mpaka mwezi wa Februari 1953, na siku zilipoachwa huru watoto wa Uingereza walikimbilia madukani kama nyuki.

Hata hivyo msidhani ya kuwa tulikuwa na huzuni. Jumatatu ya Pasaka watu wote walikwenda katika bustani ya Avenham, iliyo juu ya mto, wakichukua mayai yaliyochemshwa na kupakwa rangi. Watoto waliyavingirisha kilimani, na yai lililofika mbali pasipo kuvunjika ndilo lililoshinda. Wazee walitueleza ya kuwa ni ukumbusho wa lile jiwe lililovingirishwa kaburini mwa Bwana wetu. Katika majira ya joto kiwanda kilifungwa juma zima, na watu waliokuwa wamejiwekea akiba mwaka mzima walipanda gari la moshi kwenda Blackpool pwani, mwendo usiofika hata saa moja. Kwetu ilikuwa kama kwenda mwisho wa dunia. Na mwaka 1952 ilifanyika sikukuu kubwa ya mji, ambayo huja mara moja tu katika miaka 20; hata Waingereza hulitaja jina lake wakisema juu ya jambo lisilotokea ila kwa nadra. Ile ya 1942 ilizuiwa na vita, kwa hiyo watu walikuwa wameingoja miaka 30. Siku ya maandamano ya Wakatolika nilitembea nimevaa shati jeupe alilolishona mama usiku, na mikono yangu ilishika utepe wa bendera. Nilidhani malaika wote wananitazama mimi.

Sasa nifike kwenye lile jambo langu.

Siku zile kila mtoto wa Uingereza alipotimiza miaka kumi na mmoja alifanya mtihani. Waliofaulu waliingia shule kubwa za masomo ya juu. Wengine walikwenda shule za kawaida, na wengi wao wakaingia kazini wakiwa na miaka kumi na mitano. Mwaka 1953 mimi nilifaulu, peke yangu katika barabara yetu. Jirani walikuja kunipa mkono. Mama alinunua koti la shule, kofia na tai, na ili kulipa deni hilo alifanya kazi jioni za kusafisha ofisi, baada ya kazi ya kiwanda.

Katika shule ile walikuwamo wana wa waganga na wa mawakili. Hawakunitukana, mimi mwenyewe nilianza kujidharau. Nilibadili matamshi yangu. Niliwaambia ya kuwa baba yangu ana kazi "ya mambo ya meli." Viatu vya mbao nilivitupa uvunguni.

Jioni moja nilikuwa katika barabara kuu pamoja na wenzangu wawili. Upande wa pili wakatokea wanawake wa kiwandani, na mama yangu kati yao, vumbi la pamba nyeupe katika nywele zake, miguuni viatu vya mbao. Akaniona. Uso wake ukang'aa. Akasimama, akaniambia kwa midomo, bila sauti, kama ilivyokuwa desturi yetu: "Mwanangu, umekula?"

Mwenzangu mmoja akauliza: "Mwanamke yule amwambia nani?" Nami nikajibu: "Simjui."

Nikageuza uso, nikatazama dirisha la duka. Nilisikia viatu vyake vikienda zake juu ya mawe, polepole. Nyumbani nilimkuta ameniwekea chakula changu karibu na moto kisipoe. Hakusema neno lolote, wala mimi sikusema.

Siku tatu sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda kuungama. Padri, mzee mwenye masikio mazito, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mama yako hutoka kazini saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema: "Kitubio chako ni hiki: Jumatatu vaa koti lako la shule na kofia yako, ukamngoje mlangoni pa kiwanda, umchukulie kikapu chake, mpite pamoja barabara kuu."

Nalisali siku ile kwamba mvua inyeshe. Haikunyesha. Nikasimama mlangoni pa kiwanda. Wanawake wakatoka kwa wingi, wakanitazama na kofia yangu. Mama aliponiona alishtuka, akadhani baba amepatwa na ajali bandarini. Nikasema: "Hapana, Mama. Nimekuja kukuchukulia kikapu." Akanitazama sana. Kisha akanipa. Tukapita barabara kuu, tukawapita wale wenzangu wawili, nami nikawaambia kwa sauti: "Huyu ni mama yangu." Wakavua kofia, wakamwamkia kwa heshima. Hofu yangu yote ilikuwa ya bure. Karibu na nyumbani mama aliniambia kwa midomo tu, asisikiwe na jirani: "Nilijua utakuja."

Tangu siku ile, mpaka nilipoondoka mjini kwenda seminari, nilimngojea kila Jumatatu.

Leo viwanda vile vya pamba vimefungwa, na mengi ya mabomba yake ya moshi yamebomolewa. Bandari ya baba ilifungwa mwaka 1981. Moshi hakuna tena, nao mto umekuwa safi. Mnara wa Mtakatifu Walburga ungaliko, na Jumatatu ya Pasaka watoto hukusanyika bado katika bustani ya Avenham. Wazee wa rika langu wakikutana husifu siku za zamani: mlango haukufungwa, jirani alikuwa ndugu, chakula kilikuwa kitamu. Ni kweli. Lakini mimi nikisikia sifa hizo hukumbuka pia ni nani aliyesugua kizingiti cha mlango ule kwa magoti, na ni nani aliyepika chakula kile baada ya kusimama kutwa nzima mbele ya mashine nne. Utoto wetu ulikuwa mtamu kwa sababu wengine walikunywa uchungu wake mahali petu.

Enyi wanafunzi mnaosoma mjini, labda mama yako atakuja siku moja kukuangalia shuleni, miguu yake ina vumbi la shamba, kichwani kikapu cha mihogo. Wenzako watauliza ni nani. Wahenga wetu walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Na amri ya nne ya Mungu haikuandikwa kwa watoto wadogo tu, bali kwetu sisi tuliojifunza kusoma na kusahau. Usingoje kitubio cha padri. Nenda mbio, mpokee kikapu chake, useme jina lake mbele ya watu wote.