Mkate wa Meza ya Bwana

Binti mmoja wa kanisa letu hapa Kaloleni aliharisha na kukonda kwa miaka miwili. Mimi nilikemea pepo wa udhaifu, huku mama mchungaji akimpa mahamri apate nguvu.

Mwishowe akapelekwa Mombasa. Daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, akageuza mwanga ukawa wa buluu na kijani. Baadaye alituonyesha picha. Utumbo wenye afya una vinyweleo kama taulo. Wa binti ulikuwa bapa kama sakafu. Akakata vipande vidogo vikapimwe, maana picha peke yake haitoshi. Jibu: ugonjwa wa seliaki. Ngano ndiyo iliyomuumiza. (Mholanzi Willem Dicke aliliona hilo wakati wa vita: mkate ulipoadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu.)

Sasa anakula sima na muhogo, mashavu yamerudi. Lakini nazikumbuka Jumapili zote nilizomwekea mkate wa ngano mkononi, nikamwambia apokee. Nimemwomba msamaha.

Jumapili hii kutakuwa na sahani ya pili, mkate wa muhogo. Akina mama wa jikoni, tafadhali msichanganye visu.