Kobe Wetu na Jirani Yetu

Jioni tukikaa barazani watoto wetu hutuuliza neno moja: "Baba, kobe wetu wako wapi sasa?" Nasi huwajibu: "Wako kwao." Jibu hilo ni fupi, lakini tulilipata kwa muda mrefu, tena kwa aibu. Leo twataka kuwasimulia habari yake.

Baadhi yenu mwajua ya kuwa sisi tulivuka Ziwa Tanganyika pamoja na wazazi wetu wakati wa vita ya mwaka 1996, tukiwa wadogo bado. Tulikulia Tanzania. Huko tulisoma seminarini miaka kadhaa, kisha tukaona kwamba njia yetu ni ya ndoa. Tulipokwisha kufunga ndoa tulipewa kazi ya kufundisha dini katika kijiji kimoja cha Ugogo, upande wa Dodoma. Nchi ile ni kavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimeta 600, nayo hunyesha tangu mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 4 hivi. Miezi mingine ni vumbi, miiba na mibuyu. Lakini kobe wa madoadoa huipenda sana nchi ya namna hiyo.

Wataalamu humwita kobe huyo kwa jina la chui, kwa sababu gamba lake ni la manjano lenye mabaka meusi. Huku Kongo tunao kobe wengine, wenye kiungo nyuma ya gamba kama bawaba ya mlango. Yule wa Ugogo hana bawaba. Gamba lake limeinuka juu kama chungu kilichofunikwa, na akikomaa aweza kupita kilo 10. Akitunzwa vema huishi miaka 50 na zaidi. Basi, mtu akimpokea kobe mchanga, afahamu ya kuwa huenda atamwachia wajukuu.

Sisi hatukufahamu hayo. Siku moja ya kiangazi, moto wa nyasi ulipokwisha kupita, watoto wa mafundisho walituletea kobe jike aliyeungua gamba upande mmoja. Tukamwita Chungu. Baada ya wiki chache wakaleta dume, tukamwita Karani, maana alitembea huku na huku uani kama mtu anayekagua kazi za wengine. Wa tatu alikuwa mdogo, wa kutosha kiganjani. Huyo alikuwa wa binti yetu mkubwa, naye hakumpa jina ila "Wangu".

Binti alimpenda Wangu kupita kiasi. Alimweka ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, asije akanyakuliwa na kunguru. Alimlisha ugali, maharage, hata maziwa, na sisi tulitazama tukifurahi. Miezi ikapita. Gamba la Wangu likawa laini kama ngozi iliyoloweshwa, miguu ikakosa nguvu. Asubuhi moja tukamkuta amekufa.

Bwana mifugo alipopita kijijini tulimwuliza sababu. Akatuambia: "Mwalimu, mlimnyima jua na mlimnyima chokaa. Kobe huyu ni wa kula nyasi. Ugali wenu si chakula chake." Akatueleza kwamba jua ndilo limsaidialo kobe kutumia chokaa ya chakula chake, na gamba lisipopata chokaa halikazi. Huko porini kobe hutafuna mifupa mikavu, hata mavi meupe ya fisi, kwa kuwa yana unga wa mifupa ndani yake. Basi, mtoto wetu alimwua kobe wake kwa mapendo. Alilia siku mbili. Mama yake akamwambia: "Mwanangu, kupenda tu hakutoshi. Yafaa tumjue pia yule tumpendaye." Tulilisikia neno hilo, tukalisifu, wala hatukudhani kwamba sisi wenyewe tungelihitaji mwaka ule ule.

Tangu hapo tuliwaacha Chungu na Karani wazunguke uani mchana kutwa. Walikula nyasi, majani manene yenye maji, na matikiti ya porini. Tulijifunza pia tusiwainue ovyo. Kobe huweka maji mengi kibofuni kwa ajili ya siku za ukame, na akiinuliwa kwa ghafula huyamwaga yote kwa hofu. Maji hayo ndiyo akiba yake. Mtoto mtundu aweza kumpotezea akiba ya miezi kwa dakika moja.

Furaha zilikuwa nyingi. Mvua ikinyesha, wote wawili walitoka mbio, mbio za kobe, wakainamisha vichwa penye dimbwi wakanywa muda mrefu bila kuinuka. Karani alimfuata Chungu akimgonga kwa gamba, ko, ko, ko, hata wageni wakadhani mtu anabisha hodi. Na mwezi wa 4, mvua ilipokuwa ikiisha, Chungu alianza kuchimba karibu na mpapai kwa miguu ya nyuma. Akailowesha ardhi kwa maji yake mwenyewe ipate kulainika. Mama watoto alihesabu mayai 11, meupe, ya mviringo kama mipira midogo. Alipokwisha kutaga akayafukia, akaipigapiga ardhi kwa tumbo, akaenda zake kula. Hakutazama nyuma.

Halafu, mwezi wa 6, siku za baridi na upepo, Karani akapotea.

Tulimtafuta siku tatu. Tulitazama kisimani, mashambani, penye vichuguu. Hakuna. Sasa, upande wa pili wa njia alikaa mzee mmoja, mfugaji wa mbuzi, na watu walisema kwamba zamani baba yake alikuwa mganga, na waganga hutumia magamba ya kobe. Hatukumwona akichukua kitu. Hatukusikia lolote. Lakini moyoni tulisema: "Ni yeye." Tena hatukuliweka moyoni tu. Tulimwambia mtu mmoja kisimani, kwa sauti ndogo, na ninyi mwajua sauti ndogo ya kisimani hufika wapi.

Tangu siku ile tuliacha kumwamkia. Akipita njiani tulijifanya kufunga kamba ya kiatu. Tulidumu hivyo miezi sita. Na miezi ile yote, kila Jumamosi, tuliwafundisha watoto amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Tuliifundisha vizuri sana, kwa mifano.

Mwezi wa 12 mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi binti yetu akaja mbio akipiga kelele: "Baba! Karani anakunywa maji njiani!" Tukatoka. Ndiye kweli, amejaa udongo, amepungua, lakini mzima. Nyayo zake zilionekana wazi katika tope. Tukazifuata. Zilitoka kwenye ua wa zamani wa miiba, nyuma ya zizi la mbuzi la yule mzee. Chini ya miiba palikuwa na shimo la mnyama, la zamani. Kobe hawa hawachimbi mashimo ya kulala. Hutafuta shimo la mwenzao au kichaka kizito, na siku za baridi na ukame hujificha humo, pengine siku nyingi, wakitoka kidogo tu.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni pa zizi akitutazama. Hapakuwa na kiatu cha kufunga. Tukamwamkia, tukamwambia: "Mzee, tumekukosea. Tulidhani wewe ndiwe uliyemchukua kobe wetu, na tulimwambia mtu. Twaomba radhi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, nilijua siku ile ile. Maneno hayazuiliwi na ua wa miiba." Halafu akaendelea: "Kobe wako nilimwona mwezi wa 7. Nilikuwa nataka kuchoma ua huu wa zamani nijenge mwingine. Nilipomwona nikauacha. Nilitaka kumleta kwako. Lakini ulikuwa umeacha kunisalimu. Ningepitaje mlangoni pako nimebeba kobe mkononi? Ungesema, mwizi ameogopa, anarudisha."

Wapenzi wasomaji, hatukuwa na jibu. Alisema kweli, ndivyo tungalivyosema. Kumbe kobe hakupotea. Alikuwa hatua mia toka kwetu, akilindwa na mtu tuliyemwita mwizi, na kilichomzuia kurudi ni sisi. Siku ile tulirudi kisimani, tukasema kwa sauti kubwa yale tuliyoyasema zamani kwa sauti ndogo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote wa seminari.

Mwezi wa 1, miezi tisa tangu mayai kufukiwa, ardhi ya penye mpapai ililainika kwa mvua, na vichwa vidogo vikaanza kutokeza. Kobe wachanga hungoja mvua namna hiyo, maana udongo ukiwa mkavu ni kama ukuta. Walitoka saba. Kunguru walichukua wawili kabla hatujajua, na nguchiro mmoja. Wakabaki wanne. Mzee alikuja kila jioni kuwatazama, akawaletea nyasi laini za bondeni. Binti yetu hakumweka hata mmoja ndani ya sanduku.

Ndipo afisa wa wanyamapori alipofika kijijini. Hakutukaripia, lakini alitueleza sheria. Sheria ya nchi ile ya mwaka 2009 yasema wanyama wa porini ni mali ya taifa. Mtu hawezi kuwafuga bila kibali. Kobe hawa hutafutwa sana na wafanyabiashara wa kuuza wanyama ng'ambo, na kwa hiyo mapatano ya mataifa yanasimamia biashara yao. Nao waweza kubeba kupe waenezao ugonjwa wa ng'ombe. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza mwaka 2000 wasiingizwe nchini mwake. Sisi tulidhani kobe ni wetu kwa kuwa tuliwaokoa. Kumbe tulikuwa walinzi tu, tena walinzi wasioijua kazi yao.

Afisa aliwakagua kama ni wazima, akachagua mahali penye vichaka na nyasi, mbali na barabara. Tulikwenda sote. Mzee alimbeba Karani, kwa polepole, asimwage maji yake. Binti yetu alibeba wadogo wanne katika kikapu. Chungu alipowekwa chini alisimama kidogo, akanusa, akaingia majanini. Yeye pia hakutazama nyuma. Mtoto akalia. Mzee akamwambia: "Mjukuu wangu, usilie. Sisi tutakufa, na hawa watakuwa bado wanatembea."

Mwaka 2022 tulirudi huku Kongo. Kwenye mizigo yetu hamkuwa na kobe. Tulichokuja nacho ni salamu: kila asubuhi tukitoka nyumbani twamwamkia jirani wa kwanza tumwonaye, hata kama siku ile kitu kimetupotea. Zaidi sana siku ile.

Nanyi, ndugu, mkimkuta kobe njiani, mvusheni upande aliokuwa akielekea, kisha mwacheni. Anajua aendako.