Jiwe la Mizani katika Sakristia



Katika kitabu nilichoazimwa na rafiki niliona picha za vipande vya kioo, vidogo na vya mviringo kama vifungo vya koti. Ni mawe ya mizani ya Dola ya Bizanti, ya karne ya 6 na ya 7. Tangu enzi za Kaisari Constantine, ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja yenye uzito wa takriban gramu 4.5. Lakini dhahabu ni laini: mjanja aliikwangua ukingoni, akabaki na vumbi lake, kisha akalipa kana kwamba sarafu ni nzima. Basi mpokeaji aliiweka sarafu upande mmoja wa mizani, na kioo upande wa pili.

Kwa nini kioo? Jiwe la shaba huota kutu, tena huweza kupunguzwa kidogo pasipo mtu kutambua. Kioo hakishiki kutu, na kikimeguka, kila jicho huona. Muhuri wa liwali wa mji ulipigwa juu yake kingali laini kwa moto. Waarabu walipoitwaa Misri waliiendeleza kazi hiyo kwa dinari zao. Na maneno yetu wakia na ratili yametufikia kupitia lugha yao, ingawa asili yake ni Kiyunani na Kilatini.

Lililonichoma ni sheria ya Kaisari Justinian ya mwaka 545, iliyoagiza kwamba vipimo na mawe ya mizani vitunzwe katika kanisa la kila mji. Nilikifunga kitabu. Wiki ileile akina mama wawili, wakulima wa kahawa, walikuwa wameniomba niweke sakristiani jiwe la kilo kumi lenye muhuri wa serikali, ili anayetilia shaka mizani ya mnunuzi aje kuliazima. Niliwajibu kwamba sakristia si ghala. Ukweli ni kwamba mnunuzi yule ndiye aliyetuchangia mabati ya paa, nami nilimwonea haya.

Niliwaita, nikawaomba radhi. Sasa jiwe limo kabatini, chini ya kanzu za watumishi wa altare. Limeazimwa mara tatu. Mara mbili mizani ilikuwa sahihi. Mara ya tatu mnunuzi alilitazama, akaongeza fedha bila kusema neno. Jumapili iliyofuata sikumwona kanisani.