Lofoten: Visiwa ambako mtoto hukabidhiwa kisu na ujira wake

Ni saa nane mchana, mwezi Machi. Masomo yamekwisha, lakini baadhi ya watoto hawaendi moja kwa moja nyumbani. Wanaingia kwenye ghala la samaki kando ya gati, wanavaa aproni za plastiki na glavu, kisha kila mmoja anasimama mbele ya chuma chenye ncha kilichosimamishwa wima. Mtoto anachukua kichwa cha samaki, anakichomeka kwenye chuma, anakata ulimi kwa kisu kikali na kuudondosha kwenye ndoo. Kichwa kinatupwa pembeni, kinafuata kingine. Kazi ya sekunde chache.

Mzazi anayesoma haya akiwa Mwanza au Mombasa huenda ana swali moja tu: nani kampa mtoto huyo kisu?

Jibu ni kwamba kapewa na mzazi wake, ambaye naye alipewa na wake. Huko ni Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norwe, na kukata ndimi za samaki ni kazi ya watoto tangu zamani.

Samaki huja gizani

Lofoten iko juu ya mstari wa Aktiki. Ina wakazi wapatao 24,000, wengi wao wakiishi katika miji midogo na vijiji vilivyobanwa kati ya milima mikali na maji. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Januari jua halichomozi kabisa. Mchana ni mwanga hafifu wa saa chache, kama alfajiri isiyokamilika. Kisha mambo hugeuka. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, na wazazi hulazimika kuweka mapazia mazito ili watoto walale.

Ukitazama ramani utadhani bahari ya huko huganda. Haigandi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita karibu, hivyo boti hutoka hata katikati ya baridi. Na huo ndio wakati wa mavuno. Kati ya Januari na Aprili, samaki wakubwa wa maji baridi wanaoitwa skrei husafiri kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye maji ya Lofoten. Miezi hiyo michache imelisha visiwa hivi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Samaki hutolewa utumbo, hukatwa kichwa, hufungwa wawili wawili mkiani na kutundikwa kwenye vichanja vikubwa vya miti. Hakuna chumvi, hakuna moshi. Upepo na baridi isiyozidi sana hufanya kazi yote hadi karibu mwezi Mei. Aliyeona dagaa wakianikwa kando ya Ziwa Victoria ataelewa haraka, ila hapa kichanja ni kirefu kuliko nyumba na samaki mmoja anaweza kumzidi mtoto mchanga kwa uzito. Wakishakauka wanakuwa wagumu kama kuni, na wengi husafirishwa kwenda Italia. Vichwa navyo hukaushwa na kupelekwa Nigeria, ambako hupikwa kwenye mchuzi.

Kwa nini ulimi ni wa mtoto

Hapo kwenye vichwa ndipo mtoto anapoingia. Ulimi wa skrei ni kitoweo cha heshima. Huviringishwa kwenye unga, ukakaangwa kwa siagi, na migahawa huununua kwa bei nzuri. Desturi inasema ndimi ni za watoto, na fedha inayopatikana ni ya mtoto mwenyewe, si ya baba wala ya mwenye ghala. Msimu mzuri humwachia mtoto mwenye bidii maelfu ya krona. Kuna wanaonunua baiskeli, na kuna wanaoweka akiba hadi siku ya kununua boti.

Sheria za kazi za Norwe ni kali. Kwa kawaida hata kazi nyepesi huruhusiwa kuanzia miaka 13, na shule ni lazima kwa miaka 10. Hivyo ukataji wa ndimi umebaki kuwa desturi inayovumiliwa kwa sababu ina mipaka inayoonekana: ni baada ya masomo, ni kwa msimu, watu wazima wapo karibu, na malipo hayapiti mfukoni mwa mwingine.

Mipaka hiyo ndiyo inayotenganisha kazi ya kumlea mtoto na kazi ya kumtumikisha. Kwetu pia kuna watoto wengi wanaoamkia mwaloni kabla ya jua. Tofauti haiko kwenye kisu. Iko kwenye kujua kama mtoto huyo amekwenda shule kwanza, nani anamwangalia, na fedha yake inaishia wapi.

Kijiko kilichookoa mifupa

Kwa mwandishi wa afya, kitu cha thamani zaidi ndani ya skrei si ulimi. Ni ini. Ngozi ya binadamu hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua la kutosha, na kaskazini mwa Norwe jua la aina hiyo halipatikani kwa miezi mingi ya mwaka. Bila vitamini D mwili haunyonyi kalsiamu vizuri, mifupa ya mtoto hulegea na miguu hupinda. Ndiyo matege.

Ini la skrei limejaa vitamini hiyo. Wavuvi waliyatumia mafuta yake kwa vizazi vingi kabla mtu yeyote hajajua sababu. Zamani maini yaliachwa kwenye mapipa hadi yaoze na kuachia mafuta meusi yenye harufu kali. Katika miaka ya 1850 mfamasia Peter Möller alianza kuyatoa kwa mvuke kutoka kwenye maini mabichi, na mafuta yakawa safi, yenye kunyweka. Sayansi ilifuata baadaye: vitamini D ilipewa jina lake mwaka 1922.

Hadi leo familia nyingi za Norwe hunywa mafuta hayo kwa kanuni rahisi: kijiko kimoja kila siku katika miezi yenye herufi "r" katika jina lake, yaani Septemba hadi Aprili. Watoto wachanga hupewa matone ya vitamini D kwa ushauri wa mamlaka za afya.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanayajua mafuta hayo kutoka dukani. Ni vyema kukumbuka kwamba huku jua ni la bure. Hata hivyo matege yapo, hasa kwa mtoto anayefungiwa ndani kutwa, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Mafuta ya ini yana pia vitamini A kwa wingi, na ikizidi hudhuru. Mjamzito asiyatumie bila ushauri wa daktari, na mtoto asizidishiwe kijiko.

Kijiji cha herufi moja

Mgeni anayefuata barabara kuu ya Lofoten hadi mwisho hufika kijiji kinachoitwa Å. Jina ni hilo tu, herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kinorwe. Sehemu ya kijiji ni makumbusho, na ndani yake kuna mtambo wa zamani wa kutoa mafuta ya ini na duka la mikate la mwaka 1844. Nusfjord, kijiji kingine, kimehifadhi nyumba zake nyekundu za wavuvi zilizojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa maji. Henningsvær kuna uwanja wa mpira juu ya mwamba, bahari imeuzunguka na vichanja vya samaki viko kando yake.

Bandarini Svolvær kuna sanamu ya mke wa mvuvi iliyoelekea baharini. Kila familia hapa inajua maana yake, kwa kuwa bahari hii imechukua wanaume wengi waliotoka asubuhi wakiahidi kurudi.

Leo hofu ni nyingine. Skrei wanapungua. Norwe na Urusi, zinazogawana samaki hao, zimekuwa zikipunguza kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa, na cha mwaka 2025 kilikuwa cha chini kabisa tangu 1991. Nyumba nyingi za wavuvi sasa hulala watalii. Utalii unaleta fedha, lakini mtalii hana kichwa cha samaki cha kumwachia mtoto. Ghala likifungwa kijijini, kinachopotea ni mahali ambapo mtoto wa miaka kumi alijua anahitajika.

Ukipata safari

Njia ya kawaida ni ndege hadi Oslo, kisha Bodø, na kutoka hapo kivuko cha saa tatu na zaidi hadi Moskenes. Visa ni ya Schengen, na maisha ni ghali. Familia nyingi hukodi nyumba na kujipikia. Machi ni mwezi wa samaki, Juni ni mwezi wa jua la usiku. Ukienda na watoto, beba nguo za mvua kwanza, koti la baridi baadaye.

Asiyesafiri naye ana la kuchukua. Mpe mtoto wako kazi moja ya kweli, ambayo isipofanyika nyumba itaona pengo. Msimamie, usimfanyie. Na kama kazi hiyo ina malipo, yawe yake.