Kapita na Moteri ya Tate



Wengi munatujua sababu ya kengele ya asubuhi na daftari ya wachelewaji. Sisi ndio tunaoandika majina ya wengine. Leo tunataka kuandika jina letu wenyewe, juu ya jambo lililotupata nyumbani wakati wa likizo kubwa.

Tulikuwa Bukavu kwa babu yetu, ambaye tunamwita Tate. Tate alikuwa mwinjilisti, sasa amepumzika. Ana motokari moja, Volkswagen Coccinelle ya mwaka 1972, aliyoinunua wakati inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Motokari za namna hiyo hazitengenezwi tena. Huko Ujerumani waliacha kutengeneza zile za kawaida mwaka 1978, na huko Meksiko ya mwisho ilitoka mwaka 2003, kisha kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Kwa hiyo ukiharibu kitu ndani yake, kupata kingine ni kazi.

Bukavu ni muji wa vilima, na Coccinelle ilikuwa imeanza kuchoka. Ukikanyaga esansi, moteri inalia kwa nguvu, lakini gari inapanda polepole kama mutu mwenye kubeba gunia la mihogo. Tena vitesi ya pili ilikuwa inaruka yenyewe. Tate akasema: «Ambreyaje inateleza, nafikiri mafuta imeingia. Tutatosha moteri, kisha bwate ya vitesi. Ninyi ndio mikono, mimi nitakuwa macho.»

Basi tukaanza asubuhi chini ya muti wa avoka, sisi pamoja na mudogo wetu wa darasa la tatu. Moteri ya Coccinelle iko nyuma, na inapozwa na upepo, kwa hiyo hakuna maji ya kumwanga. Tate akatuonyesha kila kitu kwa mupango. Kwanza kufungua bateri, ili moto wa umeme usitokee karibu na esansi. Kisha kufunga mupira wa esansi, kutosha waya za dinamo, kable ya esansi na kable mbili za joto. Kila ekru tuliweka ndani ya kopo, na mudogo wetu akaandika juu ya karatasi mahali ilipotoka.

Moteri yote inashikwa na bwate kwa buloni ine tu: mbili juu, mbili chini. Zile za chini zinaonekana ukilala chini ya gari. Zile za juu ni taabu, maana ziko nyuma ya kile chuma cha feni, na munazitafuta kwa kupapasa. Tulipapasa karibu saa nzima, vidole vikawa vyeusi.

Ilipofika saa tano, watu wakaja kumuita Tate kwenye kilio. Akavaa koti, akaweka mupira mukuukuu wa gurudumu chini ya moteri, akatuambia: «Pumzikeni. Musiteremshe moteri mpaka nirudi.»

Tukapumzika kidogo. Lakini tuliona kazi imebaki ndogo, na tulitaka Tate arudi aikute imekwisha, atusifu. Mudogo wetu akasema: «Yaya, Tate alisema tungoje.» Sisi tukamujibu ginsi tunavyowajibu ninyi kwenye mustari: «Hapa mukubwa ni nani?» Akanyamaza.

Tukaweka kriki chini ya moteri, tukafungua buloni za mwisho. Sasa musikie vizuri. Kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye bwate na kuingia katikati ya diske ya ambreyaje. Moteri inapaswa kuvutwa nyuma, sawasawa, mpaka chuma kile kitoke chote. Hapo tu ndipo unaweza kuiteremsha. Mudogo wetu alikuwa amelala ubavuni, anachungulia. Akasema: «Yaya, haiyatoka bado. Ngoja kwanza.» Sisi hatukungoja. Tulishusha kriki.

Moteri ile inapita kilo 100. Ikaning'inia juu ya chuma kile, ikalia, kisha ikageuka upande na kriki ikaruka. Mukono wa mudogo wetu ulikuwa chini. Aliuvuta. Moteri ikaanguka juu ya ule mupira wa Tate, na damu ya vidole viwili ikaonekana kwenye majani. Ngozi ilichubuka, lakini mifupa ilikuwa mizima. Hata leo tukifikiri kama mupira ule haungekuwa pale, tumbo linakuwa baridi.

Lakini mabaya yetu hayakuishia hapo. Tulimufunga vidole kwa kitambaa, tukanyoosha moteri, tukafagia. Tukamwambia: «Ukiulizwa, sema ni bati iliyokukata.» Tate aliporudi, tukasema kazi imekwenda vizuri. Mudogo wetu alisema maneno tuliyomufundisha, akiangalia chini.

Kesho yake tulitosha bwate. Tulimwanga mafuta yake ndani ya beseni, tukafungua kile kifuniko kidogo chini ya kiti cha nyuma ili kuachanisha fimbo ya vitesi, tukafungua mabomba ya breki, kisha buloni kubwa zinazoishika. Siku hiyo tulingoja kila neno la Tate.

Nyuma yake Tate akafungua ambreyaje, akatoa diske, akaigeuza kwenye mwanga. Kweli ilikuwa na mafuta, lakini pia katikati yake ilikuwa imepindika. Akaangalia diske, akaangalia vidole vya mutoto. Akauliza mara moja tu: «Nini ilitendeka hapa?»

Tulikaa kimya. Kisha tukasema yote.

Hakutupiga. Alisema: «Diske nitatafuta. Mukono wa mutoto ningeutafuta soko gani?» Akaingia ndani, wala hakula mangaribi ile.

Diske ilipatikana kisha majuma matatu, kwenye Coccinelle ingine iliyokuwa inafunguliwa vipande. Tuliilipa kwa pesa tuliyochunga kwa ajili ya viatu vya mwaka huu. Ndiyo maana munatuona na viatu hivi vilivyoshonwa, ambavyo wengine wenu munavicheka. Motokari inapanda kilima tena, na vidole vya mudogo wetu vimepona.

Sasa neno la mwisho. Muhula uliopita mwanafunzi mumoja wa darasa la chini alichelewa, akataka kutueleza sababu. Tulimwambia: «Mukubwa ni nani?» tukaandika jina lake. Yeye anajijua. Tunamuomba aje kwetu siku ya kwanza ya juma, kisha kengele, atueleze ile sababu. Safari hii tutangoja mpaka amalize.

Ni sisi, kapita wenu wa darasa la sita.